Fito Hulala Nje

Walimwita Bi Sindano, na hakuna aliyejua kama jina lilitoka kwenye kazi yake au kwenye mdomo wake. Kazi yake ilikuwa kushona viti vya magari. Miaka nenda miaka rudi alikaa kwenye kibaraza cha karakana, cherehani nzito mbele yake, turubai na ngozi bandia zimemzunguka pande zote. Dereva akija kulalamika kwamba kiti kimeraruka upesi, Bi Sindano alimpima kiuno kwa macho kisha akasema, "Kiti hakijararuka, baba. Kiti kimesalimu amri."

Mumewe alikuwa fundi bati uani mwa karakana hiyohiyo, akinyoosha mabodi ya magari yaliyobonyea. Huyo walimwita Mzee Bati tangu hajaota mvi hata moja. Mpole, mtu wa kuvua samaki. Siku ya mapumziko hakuulizwa yuko wapi. Yuko majini, ufito mkononi, kimya kama mti.

Mikono ilipoanza kutetemeka akaweka nyundo chini. Kwa kumuaga, karakana ikampa pikapu moja mbovu ambayo mwenye gari hakurudi kuichukua. Mwingine angeiuza chuma chakavu. Mzee Bati akaijengea nyumba mgongoni. Akainua kuta za mbao, akazivika bati, akaweka mlango kwa nyuma, kidirisha kila upande, kitanda cha kukata upana wote, na pembeni jiko la gesi la mtungi mdogo. Bi Sindano akashona godoro na mapazia. Majirani wakaja kuangalia.

"Mzee Bati, hili ni gari au kabati?"

"Nyumba."

"Na ile nyumba yenu nyingine?"

"Ile tunawaachia nyinyi muwe mnaisengenya," akajibu Bi Sindano kutoka ndani.

Kila kitu walikubaliana isipokuwa fito. Mzee Bati alitaka zilale ndani, maana nje kuna wezi.

"Zilale wapi humu?" mkewe akamuuliza.

"Ubavuni mwangu, upande wa ukuta."

"Ubavu wako una mwenyewe."

"Mama watoto, ufito ni kama mtoto."

"Mtoto wako ana ndoano mdomoni na ananuka chambo. Atalala nje."

Mzee Bati alibisha siku mbili tatu, halafu akafanya alivyofanya siku zote akibishana na mkewe: akashindwa kwa heshima. Akatafuta mabomba ya plastiki, yale ya kijivu ya kupitisha maji machafu, akayafunga kwa nati ubavuni mwa kijumba, chini kidogo ya ukingo wa paa, upande wa kitandani. Kila bomba akalipasua mfereji mbele ili shina la ufito lizame lote, na roda, kile kigurudumu cha kuzungushia mshipi, ibaki imekaa nje. Chini akatoboa vitundu, maji ya mvua yasituame humo. Nyuma akaacha wazi, ncha za fito zikachungulia zimefungwa kitambaa chekundu. Bi Sindano akashona mfuniko wa turubai na vishikizo vya mpira wa tairi.

"Mashina mbele, ncha nyuma," mume akamfundisha. "Ukigeuza, tawi la kwanza njiani linavunja."

"Kwa hiyo zinaangalia tulikotoka."

"Ndiyo. Zinaangalia tulikotoka," akasema Mzee Bati, kama mtu anayesikia maneno yake mwenyewe.

Sharti jingine lilikuwa la ndoano. Kabla ufito haujapanda ukutani, ndoano inakatwa na kuwekwa kwenye mkebe, na mshipi unafungwa kwenye roda. "Ndoano ikibaki," alisema, "gari nalo litavua." Angeweza kusahau suruali nyumbani kabla ya kusahau hilo.

Basi wakawa watu wa njiani. Na mahali pao walipopapenda kuliko pote palikuwa bwawani. Bwawa lile lilikuwa kubwa kama mji, kwa sababu chini yake kulikuwa na mji. Si mji mkubwa: barabara moja ya lami, maduka pande mbili, nyumba za watu nyuma ya maduka. Serikali ikajenga ukuta, watu wakahamishwa, maji yakapanda polepole kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa. Mzee Bati alizaliwa kule chini. Mama yake alizikwa kulekule kabla ya maji. Barabara ilibaki. Inashuka mlimani vizuri tu, na mstari wake mweupe katikati, halafu inaingia majini bila kusimama.

Wavuvi wengine waliegesha mbali, penye miti. Wao wawili waliegesha juu ya lami ile, mlango wa kijumba ukitazama maji. Mvuvi mmoja mwenye kofia ya sufu aliwahi kupita akawauliza kama hawaogopi kulala pale.

"Mtu haogopi kwao," akasema Mzee Bati.

"Na wewe, mama?"

"Mimi nimeolewa tu. Muulize yeye kuhusu mawifi."

Wakacheka wote watatu. Siku hizo Mzee Bati alikuwa bado mzima.

Akili yake haikuondoka kwa kishindo. Ilitoka kama panya, kitu kidogo kidogo. Kwanza majina ya wateja wa zamani. Kisha njia ya sokoni. Kisha siku moja, kwenye kituo cha mafuta, walipokuwa wanaondoka wakasikia kelele nyuma, na mlinzi wa kituo anakimbia kichwa wazi, kofia yake inaning'inia nyuma ya gari kwenye ncha ya ufito. Ndoano ilikuwa imebaki. Watu wa kituoni walicheka mpaka wakashika matumbo. Mlinzi mwenyewe alicheka. Bi Sindano hakucheka, kwa sababu alikuwa anamtazama mumewe. Mzee Bati aliishika ile ndoano, akaigeuza, akaitazama kama kitu kilichotoka nyumba ya watu wengine.

"Hii ya nani?" akauliza.

Baada ya hapo akapotea mjini, wakamkuta jioni stendi ya mabasi akiulizia gari la kwenda mji uliokuwa chini ya maji. Binti yao wa pekee, aliyeolewa mbali na pale, akaja na maneno mafupi.

"Mama, baba akipotea tena namchukua. Mimi nina ukuta, nina geti."

"Baba yako si mbuzi."

"Najua si mbuzi. Mbuzi anajua kurudi."

Maneno yale yalimchoma Bi Sindano pabaya, maana yalikuwa ya kweli, na yalikuwa makali kama yake, mtoto kayarithi. Ila aliapa moyoni. Mume huyu hataondoka mikononi mwake, si kwa binti, si kwa mtu yeyote. Alishika usukani yeye sasa, miguu mifupi, mto chini ya makalio, na akaendelea kumpeleka majini. Alikuwa na sababu. Kando ya maji mikono ya mzee ilikumbuka. Ilifunga chambo, ilirusha mshipi, ilijua lini kuvuta. Nyumbani alikuwa anasahau kijiko ni cha nini.

Safari moja walifika bwawani mchana. Mzee Bati akavua mpaka jua likapungua, hakupata kitu, hakujali. Akazirudisha fito mwenyewe kwenye mabomba, huku akinong'ona na kila moja. Bi Sindano alikuwa anapika. Hakutoka kukagua ndoano. Kumkagua mtu mbele ya macho yake ni kumwambia amekwisha. Wakala, wakafunga mlango, wakalala.

Asubuhi, kumekucha tayari lakini dirishani ni weupe tu, Bi Sindano akaamshwa na sauti.

Krrr.

Aliijua. Ni roda ikizunguka, samaki amekamata na anakimbia na mshipi. Sauti nzuri ile. Ameisikia maisha yake yote ya ndoa. Akafumba macho tena. Amepata, akawaza.

Krrr. Ikanyamaza. Krrr.

Ndipo akafumbua macho. Sauti haikutoka majini. Ilitoka kwenye ukuta ulio karibu na kichwa chake, upande wa pili wa ubao. Ufito ulikuwa ukutani, ndani ya bomba, na maji yalikuwa kule chini. Sasa roda inalia ya nini?

Akanyoosha mkono kumgusa mumewe. Shuka ina joto. Mtu hayupo.

Mlango ulikuwa wazi. Ukungu ulikuwa umekaa mpaka kwenye ngazi. Bi Sindano aliposhuka hakuona vidole vyake vya miguu. Akashika ukuta wa bati, akaenda ubavuni. Mfuniko wa turubai ulikuwa umefunguliwa vishikizo vyake vyote, umekunjwa vizuri. Fito nyingine zimetulia. Ule ufito wa juu ulikuwa umepinda ncha yake kuelekea nyuma, na mshipi umetoka, umenyooka, unaingia kwenye ukungu kwa kimo cha kifua cha mtu. Unatetemeka kidogo. Akasimama akiutazama. Krrr, roda ikasema mbele ya macho yake, kwa mwendo wa mtu: hatua, kituo, hatua.

Hapo akaelewa, au alidhani ameelewa, na moyo ukashuka mahali pake. Mzee amesahau ndoano tena. Ametoka, amepita nyuma ya gari, ndoano imemkamata sweta, na sasa anatembea anauvuta mshipi bila kujua. Kosa lilelile la kituo cha mafuta. Siku ile kosa hilo lilimtia hofu, na leo ndilo limemfunga mumewe kwa kamba. Bi Sindano karibu acheke.

"Baba watoto," akaita. "Simama hapohapo."

Ukungu ulimeza sauti kama godoro. Hakuuvuta mshipi, kwa kuogopa kuukata. Akaupitisha katika kiganja chake akaanza kuufuata. Chini ya nyayo lami, na mstari mweupe unakuja mbele yake kipande kwa kipande. Barabara inashuka. Mshipi ulikuwa na unyevu, na kila mara ulikuwa unapita mkononi mwake kwenda mbele. Hakuna ndege aliyelia. Hakuna hata chura. Alisikia pumzi yake na sauti ya roda nyuma yake, na kadiri alivyoshuka roda ikawa ndogo, ndogo, mpaka ikawa kama mdudu ukutani.

Maji yakamshika vifundo vya miguu kabla hajayaona.

Hakusimama. Mtu mwingine angerudi kuita watu, na watu wako wapi? Alifunga gauni kiunoni akaingia. Chini bado ni lami, ngumu, safi, haina tope, kama imefagiliwa. Magoti. Mapaja. Kiuno. Ndipo akamwona. Mzee Bati amesimama maji yamemfika kifuani, kampa mgongo, mkono mmoja ameunyoosha mbele.

"Mzee," akasema polepole, kama mtu anayeongea na ndege asiruke. "Tutoke majini. Utaugua."

"Umekuja," akasema Mzee Bati bila kugeuka. Sauti yake ilikuwa ya zamani, ya karakana, sauti ya mtu mwenye akili zake zote. "Njoo ushike hapa, ni mzito huu."

"Ndoano imekushika mgongoni. Ngoja nikutoe."

"Ndoano gani? Nilisikia roda inalia, nikatoka kuangalia. Nikakuta mshipi unakwenda, nikaufuata."

Bi Sindano akamtazama mgongo. Sweta ilikuwa nzima. Akaufuata mshipi kwa macho: unatoka kiganjani mwake, unapita bega la mumewe, unaingia katika ngumi ya mumewe, na upande wa pili wa ngumi unaendelea. Unashuka mbele yake, unaingia majini kufuata barabara.

Mshipi ukavutwa. Mzee Bati akaenda hatua moja. Maji yakamgusa kidevu.

Bi Sindano akamkamata mkanda wa suruali kwa mikono miwili. "Achia."

"Nimepiga hodi. Wamesema nisubiri kidogo."

"Akina nani wamesema?"

"Nyumbani."

"Kwako ni kwangu. Achia huo mshipi."

"Mama watoto, si adabu. Nimeshapiga hodi."

Akamvuta. Alikuwa na mikono ya cherehani, mikono iliyosukuma ngozi bandia chini ya sindano maisha yake yote, na hata hivyo hakumsogeza. Aliyekuwa upande ule hakuvuta kwa nguvu. Hilo ndilo lililomtisha. Alivuta kama mzazi anayemvuta mtoto mkono aamke: taratibu, bila haraka, kwa kujua kwamba ataamka tu.

Mkasi ulikuwa ndani ya gari. Basi akafanya alichofanya kila siku ya kazi yake kila mshono ulipokwisha. Akapita chini ya mkono wa mumewe, maji yakamjaa masikioni, akaukamata mshipi kwa meno mbele ya ngumi ile. Ulikuwa mgumu kuliko uzi wowote. Na ulikuwa na ladha. Mshipi uliolala majini unapaswa kuwa na ladha ya matope, ya magugu. Huu ulikuwa na ladha ya moshi wa jikoni, moshi mpya wa kuni zilizowashwa asubuhi ile.

Akauma mpaka ukakatika.

Kipande cha mbele hakikulegea wala kuelea. Kiliteleza majini kimenyooka, kama mtu anayekunja kamba yake baada ya kazi, kikaisha.

"Mbona umeukata," akasema Mzee Bati. Sauti ya karakana ilikuwa imeondoka naye hakujua. Alikuwa anatetemeka.

"Samaki alikuwa mkubwa mno."

"Samaki gani anavuta ufito ulio ukutani?"

Bi Sindano alimgeuza mumewe kwa mabega, akamsukuma mbele yake kupanda barabara mpaka gari likaonekana.

Akamvua nguo, akamfunga mablanketi, akabandika maji ya moto. Mkebe wa ndoano ulikuwa pale pembeni ya jiko. Aliufungua kwa sababu mikono ilitaka kitu cha kufanya. Ndani, Mzee Bati alikuwa ameweka kipande cha sponji, kila ndoano na tundu lake. Hakuna tundu lililokuwa tupu. Na ya ufito wa juu, ile kubwa nyeusi, ilikuwa imechomekwa mahali pake, imefutwa, imekauka, na kipande cha mshipi kimekatwa karibu na jicho la kufungia, jinsi alivyofanya siku zote.

Hakusahau. Mzee hakusahau kitu jana. Mshipi ulikuwa mtupu, umefungwa kwenye roda. Hauwezi kunasa sweta, wala tawi, wala mbwa anayepita. Mtu aliufungua, akaushika kwa mkono.

Alifunga mkebe. Hakuzifunika fito. Alikaa nyuma ya usukani, gauni linachuruzika maji kwenye kiti alichokishona mwenyewe, akawasha gari na kupanda mlima taa zikiwaka mchana, na hakutazama kioo cha pembeni hata mara moja.

Alikwenda moja kwa moja kwa binti yao. Binti akafungua geti, akaona gari, akamwona mama yake na nywele zimelowa.

"Amepotea tena?"

"Hajapotea. Nilijua alipo wakati wote."

"Sasa?"

"Sasa una ukuta, una geti. Tumekuja wote wawili. Na usinitengee chumba, chumba nimekuja nacho."

Binti alitazamia ubishi, alikuwa hata ameuandaa, na alipoukosa akaogopa kuliko kama angebishiwa. Hakuuliza zaidi. Gari liliegeshwa uani, karibu na tangi la maji ya kunawia, na Bi Sindano akataka tangi lihamishwe, likahamishwa. Fito zikabaki ukutani kwenye mabomba yake, roda tupu, kwa kuwa mishipi yote aliitoa akaichoma nyuma ya choo.

Wanaishi hivyo mpaka leo. Mzee Bati hatoki tena, hata geti likiwa wazi. Hasemi sana. Mchana hukaa kwenye ngazi ya kijumba, mkono wa kulia mbele juu ya goti, vidole vimefumba kidogo kama vimeshika kitu chembamba. Wajukuu wakimpita humpa mkate katika mkono huo, unaanguka. Na mara moja moja, hapohapo penye jua, nguo zinakauka kambani, redio inaongea jikoni, mkono ule huenda mbele. Kidogo tu. Hurudi, halafu huenda tena.

Wanasema ni ugonjwa wa mishipa. Waseme. Bi Sindano amebeba kigoda chake akakiweka upande huo wa kulia, na anapomaliza kazi zake hukaa, akautwaa mkono wa mumewe akaufumba ndani ya mikono yake miwili. Siku nyingine hakuna kitu. Siku nyingine anausikia ukivutwa, taratibu, bila haraka. Basi hukanyaga miguu chini vizuri, na yeye akavuta upande wake.